Uwezo wa Kuazima: Je, Kila Ninachoweza Nimeruhusiwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo iliyopita niliimalizia nyumbani kwetu Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Wanaopajua wanapajua kwa maji ya moto yanayochemka kutoka ardhini pale ufukweni, tunayoyaita amashyuza, na kwa mitumbwi ya sambaza inayotoka jioni ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Mchana nilimsaidia mjomba wangu kazi zake. Usiku, baada ya Isha, nilikaa na kompyuta yangu kujifunza meinfremu, yaani zile kompyuta kuu ambazo mabenki makubwa na mashirika ya ndege huzitegemea kwa hesabu zisizotakiwa kusimama hata dakika moja.

Sijawahi kuigusa meinfremu kwa mkono. Lakini kampuni ya IBM ina mafunzo ya bure yanayoitwa IBM Z Xplore, ambamo mwanafunzi hupewa akaunti na kuingia kwenye mashine iliyo mbali, awe Kigali, Zanzibar au Nyamyumba. Usiku mmoja niliandika programu ndogo, ikafanya kazi, nami nikataka kuiwekea alama ya ziada. Katika mfumo wa z/OS, upande wake wa Unix, faili la programu halina ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha peke yake. Linaweza kubeba pia alama kama a, inayoifanya programu iruhusiwe kupita milango mizito ya mfumo, na p, inayosema kwamba programu hii imedhibitiwa na inaaminiwa. Amri ya kuziweka ni fupi. Niliiandika, nikabonyeza, mashine ikajibu kwamba kitendo hicho hakiruhusiwi.

Nikatazama tena. Faili ni langu. Nimeliandika mwenyewe, liko kwenye folda yangu, na jina langu ndilo lililo kwenye safu ya mwenye faili. Nikasoma maelezo, nikaelewa. Kwenye z/OS kuwa mwenye faili hakutoshi. Lazima walinzi wa mfumo wawe wamekupa kwanza haki ya kuweka alama hiyo, nayo imesajiliwa mahali pake, mbali na faili lenyewe. Kwa lugha ya nyumbani: faili ni lako, lakini alama ya kuaminiwa si yako kujipa.

Nilifunga kompyuta. Sikukasirika. Maneno hayo yalikuwa yamegusa jambo nililolificha kwa wiki saba.

Biti ya s ni nini?

Kwa wasiosoma kompyuta, nivumilieni kidogo, kwa sababu bila kuielewa biti hii hamtaelewa kosa langu.

Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kila faili lina mwenyewe, na kila programu inapoendeshwa hutumia haki za yule aliyeiita. Mimi nikiita programu, inaweza kufungua ninachoweza kufungua mimi, basi. Huo ni uadilifu mwepesi kuuelewa. Lakini una tatizo. Chukua neno la siri. Kila mtumiaji ana haki ya kubadilisha la kwake, lakini kumbukumbu za maneno ya siri ya watu wote zimo katika faili moja ambalo msimamizi mkuu peke yake ndiye anayeruhusiwa kuliandika. Utabadilishaje lako bila kukabidhiwa ya wenzako wote?

Jibu alilitoa Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix katika maabara za Bell. Hati ya kumiliki ubunifu huo iliombwa mwaka 1973, ikatolewa mwaka 1979. Wazo lake ni biti moja tu. Ukiiweka kwenye programu, basi yeyote anayeiita, programu hiyo hutenda kwa haki za mwenye programu, si za aliyeiita. Ukiorodhesha mafaili utaiona kama herufi s mahali ambapo kwa kawaida huwa x. Kwa hiyo programu ya kubadilisha neno la siri ni mali ya msimamizi mkuu na ina biti ya s. Unaiita wewe mnyonge, inavaa kanzu ya msimamizi, inabadilisha mstari wako mmoja, inaivua kanzu, inaondoka.

Ina ndugu wawili. Mmoja hufanya hivyo hivyo kwa haki za kikundi. Mwingine ni biti ya t, nayo kwenye folda ya wote ni kama rafu ya viatu msikitini: kila mtu anaruhusiwa kuweka, lakini kila mtu huondoa vyake tu.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini. Programu yenye biti ya s inapofanya kazi, mashine inaandika watu wawili: yule aliyeita kwa kweli, na yule ambaye haki zake zinatumika. Hawachanganyi. Mwanadamu ndiye anayewachanganya.

Nilichofanya

Katika chuo chetu mwalimu mmoja alinipa kazi ya kutengeneza njia ya kukusanya kazi za wanafunzi kwenye seva ya maabara. Alitaka kila mwanafunzi aweze kuweka kazi yake katika folda ya mwalimu, lakini asiweze kusoma wala kufuta za wenzake. Hii ni kazi ya biti ya s hasa. Niliandika programu kwa lugha ya C. Mwalimu aliitengeneza kwa akaunti yake na mbele yangu akaiwekea biti. Akasema, "Sasa mkono wako umo ndani ya mfuko wangu. Uangalie." Tukacheka.

Hakujua jambo moja, nami sikumwambia. Wakati wa majaribio nilikuwa nimeacha kijia ndani ya programu: ukiongeza neno fulani baada ya amri, ilipokea saa utakayoitaja wewe badala ya saa ya mashine. Nilikusudia kukifuta. Nikawa naahirisha.

Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa 12 jioni. Siku hiyo saa 12 na dakika 11 nikapigiwa simu na rafiki yangu, ndugu yetu katika swala na katika darsa. Alikuwa ametoka Goma kumtazama mama yake mgonjwa, akakwama kwenye foleni ya mpaka pale Petite Barrière. Kazi yake ilikuwa tayari tangu jana yake. Kwa kanuni ya somo, aliyechelewa anapata sifuri. Akaniambia, "Wewe una uwezo."

Nikamtajia lile neno. Kazi yake ikaingia, ikaandikwa kuwa imefika saa 11 na dakika 58.

Tazama sasa uzito wa biti ya s. Faili lile halikuandikwa kwa jina langu wala la rafiki yangu. Kwa kuwa programu ilikuwa imevaa haki za mwalimu, faili lilizaliwa likiwa la mwalimu. Uongo ulikuwa wetu, sahihi ilikuwa yake.

"Lakini nilifanya wema"

Kwa wiki saba nilijitetea kwa hoja tatu. Nitazitaja kama zilivyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu nadhani wengi wetu tunazo.

Ya kwanza: sikupata faida yoyote. Sikuchukua hata faranga moja. Ya pili: sababu yake ilikuwa ya kweli, na mwalimu mwenye huruma angemkubalia. Ya tatu: mfumo wenyewe uliniruhusu, sikuvunja mlango wowote.

Hoja ya pili ndiyo iliyonituliza zaidi, hasa nilipokumbuka kisa cha Urwa al-Bariqi (R.A.), kilichopokewa na Imamu Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari hiyo, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume (S.A.W.) hakumkemea, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Nikajiambia: huyu naye alitumwa kununua, hakutumwa kuuza. Alipita mipaka ya aliyemtuma kwa jambo la heri, na akaombewa dua. Basi na mimi vipi?

Usiku ule niliokataliwa na meinfremu ndipo nilipokisoma tena kisa hicho bila kujitafutia njia. Urwa alirudi. Alileta vyote viwili mbele ya mwenyewe, vikahesabiwa mchana kweupe. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu muamala wa mtu anayetenda katika mali ya mwingine bila idhini. Wa Hanafi na wa Maliki husema unasubiri idhini ya mwenye mali: akiridhia unapita, akikataa unabatilika. Kauli inayotegemewa kwa Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunaifuata, ni kwamba haupiti. Lakini hakuna kati yao aliyesema kwamba unapita kwa kumficha mwenyewe. Hata katika kauli iliyo nyepesi zaidi, tendo langu lilikuwa limening'inia hewani likisubiri neno la mwalimu, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba mwalimu hatajua kuna neno la kutoa.

Kama nilikuwa na hakika kwamba angekubali, kwa nini sikumpigia simu? Swali hili sikupata jibu lake lililo safi.

Mafundo ya mjomba

Mjomba wangu huko Nyamyumba hufanya kazi ambayo haina jina ofisini. Kina mama kadhaa hukausha sambaza, naye huwapelekea mjini Gisenyi, huwauzia, huwarudishia fedha zao. Hana daftari. Ana kitambaa kirefu cha pamba, na fedha ya kila mama ina fundo lake. Fundo la kwanza la fulani, la pili la fulani, la mwisho la nauli yake mwenyewe.

Asubuhi ya pili nilimwuliza kwa nini asichanganye zote kisha agawe jioni, maana hesabu anazijua kwa kichwa. Akanitazama kama mtoto.

"Mwanangu, siku nitakayochanganya mafundo nitakuwa bado sijaiba. Lakini nitakuwa nimepoteza njia ya kujua kama nimeiba."

Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu kompyuta. Lakini alikuwa amelitaja tatizo ambalo wataalamu wa usalama wa kompyuta wamelijadili kwa miaka mingi. Mwaka 1988 Norm Hardy aliandika kuhusu jambo lililotokea katika kampuni ya Tymshare, iliyokuwa ikikodisha muda wa kompyuta kubwa kwa wateja wengi. Palikuwa na programu ya kutafsiri lugha za kompyuta, iliyopewa haki ya kuandika katika folda ya mfumo ili iweke humo takwimu za matumizi. Katika folda hiyo hiyo kulikuwa na faili la ankara za wateja. Programu ilimruhusu mteja ataje jina la faili la kuwekea taarifa zake za kutafuta makosa. Mteja mmoja akataja jina la faili la ankara. Programu ikaandika pale, ankara zikapotea.

Ni nani aliyekosa? Mteja hakuwa na haki ya kugusa faili lile, na kwa haki zake mwenyewe asingeweza. Programu ilikuwa na haki ya kuandika katika folda ile. Kila kibali kilikuwa halali. Kilichokosekana ni fundo. Programu ilishika haki mbili kwa mkono mmoja, ya mfumo na ya mteja, na ilipofungua faili haikujiuliza: hili nalifanya kwa niaba ya nani? Hardy aliiita programu hiyo naibu aliyechanganyikiwa.

Nami ndiye nilikuwa naibu huyo, ila programu ya Tymshare ina udhuru kwamba haina akili. Mkono wangu ulishika haki ya mwalimu na mapenzi ya rafiki, nikatumia ya kwanza kutimiza ya pili.

Kisa kinachofanana nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfuata. Swali hilo ni kipimo. Kivue cheo, kisha utazame ni nini kinachobaki mkononi. Rafiki yangu hakunipigia simu kwa sababu mimi ni mimi. Alipiga kwa sababu ya biti. Bila biti ya mwalimu, wema wangu ule usingekuwepo. Kwa hiyo haukuwa wema wangu. Niliutoa kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Nani alaumiwe, mtoaji au mpokeaji?

Hapa ndugu zangu wa fani ya kompyuta watasema: kosa ni la mfumo. Programu yenye biti ya s inapaswa kukaguliwa mstari kwa mstari, na mwalimu hakuikagua. Ni kweli, na tusiidharau hoja hii. Mwezi wa Januari 2022 ilitangazwa kasoro katika pkexec, programu yenye biti ya s inayopatikana katika mifumo mingi ya Linux. Kasoro hiyo ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha hadi kuwa msimamizi mkuu, na ilikuwemo tangu programu ilipotolewa mwaka 2009. Zaidi ya miaka 12 biti ilikuwa imewekwa juu ya kitu ambacho hakikustahili, na haikuonekana. Anayetoa uwezo ana wajibu wa kupima mpokeaji na kupunguza kiasi. Katika Sahihi Muslim, Abu Dharr (R.A.), kwa ucha Mungu wake wote, alipoomba kupewa uongozi alijibiwa kuwa yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Hakukuwa na shaka juu ya imani yake. Lakini wema wa mtu na kufaa kwake kwa mzigo fulani ni mambo mawili. Binti aliyempendekeza Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake, katika Sura Al-Qasas, alitaja sifa mbili pamoja: nguvu na uaminifu.

Lakini wajibu wa mtoaji haupunguzi wa mpokeaji. Haigawanywi kama gharama ya chakula, kwamba mwenzangu akilipa nusu mimi nabaki na nusu. Mwalimu ataulizwa kwa nini hakukagua. Mimi nitaulizwa kwa nini nilimtajia mtu lile neno. Kila mmoja ataulizwa lake kamili.

Na hapa ndipo hoja yangu ya tatu, kwamba mfumo uliniruhusu, inapoanguka. Ruhusa ya mashine haisemi "ni halali". Inasema tu kwamba hakuna atakayekuzuia. Biti inaweza kubeba uwezo, haiwezi kubeba idhini. Idhini hukaa katika moyo wa mwenyewe, na njia pekee ya kuijua ni kumwuliza. Mashine inapokaa kimya, wengi wetu tunauhesabu ukimya huo kuwa fatwa.

Niliporudi

Kabla ya kumwendea mwalimu nilimwendea rafiki yangu, kwa sababu siri haikuwa yangu peke yangu, na kumsitiri Muislamu ni jambo zito. Nilimwambia nitakiri sehemu yangu na sitamtaja, lakini ningependa twende pamoja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Unataka kulala vizuri kwa gharama yangu." Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na bado sikuona njia nyingine ya kurudisha kisicho changu.

Nilikwenda. Nilimweleza mwalimu kuhusu kile kijia, na kwamba kimetumika mara moja. Hakuuliza jina. Alifungua orodha ya waliochelewa siku ile, akaigeuza skrini upande wangu. Walikuwa wawili. Mmoja alichelewa dakika 4, mwingine dakika 20. Wote walikuwa na sifuri.

"Huyu mtaani kwao umeme ulikatika," alisema. "Huyu sijui, hakuniambia. Wote wawili huenda walikuwa na sababu kama ya rafiki yako. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na rafiki."

Ndugu msomaji, katika wiki saba za kujitetea sikuwahi hata mara moja kuwafikiria watu hao wawili. Nilidhani tendo langu lina watu watatu: mimi, rafiki yangu, na mwalimu asiyejua. Kumbe upendeleo daima una watu wengine, wale waliosimama nje ya mlango bila kujua kuwa kuna mlango. Mimi sikuwafanyia lolote, na huko kutofanya ndiko dhulma niliyowafanyia. Mtu anayeshika uwezo wa wote na kuutumia kwa wa kwake, hata kwa huruma, amewanyima wengine huruma hiyo hiyo bila kuwatazama usoni.

Mwalimu alitangaza kwamba yeyote aliyechelewa, kwa njia yoyote, aje kujieleza kabla ya Ijumaa. Wale wawili walikuja. Rafiki yangu alikuja siku ya mwisho. Wote watatu walipunguziwa alama kwa kiwango kimoja na kazi zao zikapokelewa. Kwangu mwalimu alifanya jambo moja tu. Aliandika amri fupi, herufi s ikarudi kuwa x, na kazi ya kurekebisha programu akampa mwanafunzi mwingine. Hakunigombeza. Mimi na rafiki yangu tunasalimiana mpaka leo, lakini salamu zetu ni fupi. Namwomba Allah azirefushe.

Na sisi je?

Wengi wenu hamtagusa meinfremu maishani. Lakini karibu kila mmoja wetu anatembea na biti ya s mahali fulani. Mweka hazina wa jumuiya yetu, anayeshika michango ya futari. Mwenye ufunguo wa chumba cha swala. Kiongozi wa darasa anayebeba karatasi ya mahudhurio. Aliyeachiwa neno la siri la mwalimu "kwa dakika moja tu". Anayeshika simu ya biashara ya kaka yake. Kesho mtakuwa mahakimu, wahasibu, wauguzi, na kanzu mtakazovaa zitakuwa pana zaidi.

Mashine zenyewe zina adabu ambazo tunaweza kujifunza. Programu njema ya biti ya s huomba uwezo mdogo kabisa unaotosha, na huuvua mara tu kazi inapokwisha, haitembei nao. Kwenye Linux, programu yenye biti hiyo ikibadilishiwa mwenyewe, biti hudondoka: uaminifu haurithiwi pamoja na mali, aliyepokea lazima aaminiwe upya. Kwenye z/OS, ikiwa ulinzi huo umewashwa, programu moja tu isiyodhibitiwa ikiingia mahali ambapo huduma nyeti inafanya kazi, mazingira yote huhesabiwa kuwa machafu na huduma hukataliwa hadi kuanza upya. Asiyejua kompyuta ataielewa hii kwa udhu wake: ukitenguka, haijalishi ulikuwa umetawadha vizuri kiasi gani.

Na juu ya adabu zote hizo, lile fundo la mjomba. Kabla ya kutumia uwezo wowote ambao si wangu, najiuliza sasa: hili nalifanya kwa niaba ya nani, na yeye angeliona angesemaje? Nikishindwa kujibu, namwuliza mwenyewe. Asipopatikana, nasubiri. Nimegundua kwamba mambo machache sana hayawezi kusubiri.

Allah (S.W.) katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Zamani niliidhani aya hii inazungumzia vitu: fedha, vyombo, mashamba. Sasa naona kwamba uwezo nao ni amana ya kurudishwa, na kila jina la kuazima tulilotenda kwalo litavuliwa. Siku hiyo atabaki yule aliyeita kwa kweli, peke yake, na kila alichofanya akiwa amevaa haki za wengine kitasomwa kwa jina lake mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye nguvu na waaminifu, atusamehe tulichochanganya, na atupe ujasiri wa kufungua mafundo yetu mbele ya wenyewe kabla hayajafunguliwa mbele ya viumbe wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.